Mlipaji wa Gazeti

Kila karatasi iliyochapwa ina mtu aliyeilipia. Wino haupatikani kwa dua, karatasi haimei kama nyasi kondeni, na mchapaji, ajapokuwa mpenda elimu, ana watoto wanaongojea chakula cha jioni. Kwa sababu hiyo swali la nani alipe gharama ya gazeti si la mahesabu peke yake. Lina sehemu yake katika maadili, maana mkono uandikao huujua mkono ulipao, na pasipo kuambiwa neno lolote huanza kujifunza lipi humpendeza mlipaji na lipi humchukiza. Ujuzi huo ukikaa moyoni mwa mwandishi muda mrefu hugeuka tabia, na tabia haihitaji amri.

Swali hili lina uzito wa namna yake katika magazeti ya hobi. Hobi ni kazi aifanyayo mtu kwa mapenzi yake, pasipo kulazimishwa wala kulipwa. Mvuvi avuaye kwa riziki hana hobi ya uvuvi; karani avuaye siku ya Jumapili kwa ndoana moja anayo. Atungaye mashairi, achezaye bao, ahesabuye ndege, akusanyaye stempu, afunguaye redio na kuiunganisha tena, hawa wote hutumia saa zao na fedha zao katika jambo lisilowaletea faida ila furaha na maarifa. Gazeti la hobi huandikwa kwa ajili ya watu wa aina hii. Walifunguapo hawatafuti habari za vita wala za uchaguzi. Hutaka kujua chombo kipi ni kizuri, mahali gani pafaa, na mwenzao wa mbali ameona au amevumbua nini. Kwa maneno machache, hutaka shauri la rafiki mwaminifu. Je, shauri hilo linunuliwe na msomaji kwa bei yake kamili, au lilipiwe na mwenye duka atangazaye bidhaa zake katika kurasa zile zile?

Yamkini mtu akadhani kuwa swali hili ni la miji mikubwa, ambako magazeti ya kila namna hupangwa madirishani mwa maduka. Lakini kipimo cha fikira yoyote juu ya usomaji ni mahali ambapo kusoma kuna gharama na taabu, na kwa hiyo Kibiti na delta ya Rufiji zafaa sana kulipima. Kibiti iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na katika miaka hii ya karibuni imekuwa wilaya peke yake baada ya kutengwa na Rufiji. Mashariki yake barabara huteremka mpaka Nyamisati, mahali panapopandwa vyombo viendavyo Mafia na vijiji vya visiwani. Hapo mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na kati ya mikono hiyo imeota mikoko ya kila jina: mkaka, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana na mkomafi, katika eneo lipitalo hekta 50,000. Hakuna msitu wa mikoko ulioungana mkubwa kuliko huu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Gazeti lichapwalo Dar es Salaam na kutakiwa lisomwe Mbwera au Salale hupanda gari, kisha hupanda mashua, na huenda likangoja maji yajae. Kila hatua ya safari hiyo ina nauli.

Tena delta hii si ngeni kwa watu wa hobi walioko mbali. Wapenzi wa ndege huijua kwa ajili ya makundi ya ndege wa pwani wakimbiao baridi ya nchi za kaskazini na kuja kula katika matope yake, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Wapenzi wa historia ya meli huijua kwa ajili ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika mikono ya mto huu ikapigwa na Waingereza, na mwisho ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Mambo hayo yameandikwa mara nyingi katika magazeti ya hobi ya Ulaya na Marekani. Lakini mtoto wa Salale, ambaye babu yake aliweza kuonyesha kwa kidole mahali chuma cha manowari ile kilipolala, ni nadra kuyaona magazeti hayo. Yaliandikwa juu ya nchi yake, hayakuandikwa kwa ajili yake, kwa sababu si yeye aliyeyalipia. Somo la kwanza katika jambo hili limo hapa: gazeti humfuata mlipaji wake kama mashua ifuatavyo mkondo.

Katika historia ya magazeti ya Kiswahili walipaji wamekuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni mlezi, yaani misheni, serikali au mfadhili. Msimulizi lililotolewa Unguja kuanzia mwaka 1888 lililelewa na misheni. Kiongozi lililoanza mwaka 1904 lilitoka katika shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitolewa kila mwezi na Idara ya Elimu ya Tanganyika na kuuzwa kwa senti kumi, bei ambayo isingewezekana kama serikali isingekuwa nyuma yake. Wa pili ni mtangazaji, mwenye duka na mwenye kampuni. Wa tatu ni msomaji mwenyewe. Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah mjini Dar es Salaam mwaka 1937, lilijaribu kusimama kwa miguu hii miwili ya mwisho, fedha za wasomaji na matangazo ya wafanyabiashara, na maisha yake yote lilikuwa katika dhiki ya fedha.

Mfano wa Mambo Leo na Kwetu wafaa kutazamwa kwa haki. Mambo Leo lilikuwa, pamoja na mambo yake mengine, gazeti la hobi kubwa kuliko zote za Waswahili, nayo ni utungaji wa mashairi. Makarani, walimu na wakulima walituma beti zao kutoka kila pembe ya nchi, wakajibizana, wakakosoana mizani na vina, na hawakulipwa kitu. Shaaban Robert mwenyewe alianza kujulikana kwa mashairi yaliyotoka humo katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mlezi aliweza kuistawisha hobi, tena kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliimudu. Lakini mlezi yule alikuwa na mipaka yake. Mtu aliyetaka kuuliza kwa sauti kubwa mambo ya haki na mishahara hakupata nafasi pana katika gazeti la serikali. Ilimpasa kutafuta gazeti kama Kwetu, lililokuwa na uhuru zaidi na fedha kidogo. Wasomaji wa zamani walikuwa na sehemu mbili za kuchagua: gazeti lenye nguvu lisilo na ulimi wote, na gazeti lenye ulimi lisilo na nguvu.

Kabla tangazo halijalaumiwa, yafaa lipewe haki yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hata mwenye nguvu apewe. Mwaka 1833 gazeti la Sun la New York lilianza kuuzwa kwa senti moja wakati magazeti mengine ya mji ule yaliuzwa kwa senti sita, na tofauti ilijazwa na matangazo pamoja na wingi wa wanunuzi. Kwa njia hiyo fundi na mchukuzi walipata kusoma kilichokuwa kimesomwa na matajiri tu. Mtu awezaye kudharau jambo hilo ni yule ambaye hajapata kukosa bei ya gazeti. Zaidi ya hayo, tangazo lenyewe ni habari. Mtu wa Kiasi au Maparoni apendaye kuvua kwa ndoana hana duka mlangoni pake. Akisoma kuwa uzi wa namna fulani wapatikana Kibiti au Dar es Salaam, na kwa bei gani, amepunguziwa safari. Waswahili wa leo husema biashara matangazo, na msemo huo una ukweli wake: bidhaa isiyotajwa ni kama taa iliyofunikwa pishi.

Lakini Waswahili wa zamani walikuwa na msemo mwingine, kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Misemo hii miwili haipatani kwa urahisi, na katikati yake ndimo gazeti la hobi liishimo. Gazeti la habari za kila siku likitangaza sabuni halina kazi ya kuhukumu sabuni. Kazi yake ni kueleza mambo ya bunge, mvua na bei ya mazao, na mwenye sabuni hana sababu ya kukasirishwa na habari za mvua. Gazeti la hobi liko katika hali tofauti kabisa. Mtangazaji wake ndiye muuzaji wa kitu kile kile ambacho gazeti hutakiwa kukihukumu. Gazeti la wapenzi wa uvuvi hutangaza ndoana na injini za mashua, na papo hapo msomaji hulitazamia limwambie ni ndoana ipi yakatika na ni injini ipi huzimika katikati ya mkondo. Ni kama kadhi ambaye mshahara wake hulipwa na mmoja wa wadai walioko mbele yake. Pengine kadhi huyo ni mcha Mungu na atahukumu kwa haki. Lakini mji wenye busara haumweki mcha Mungu katika jaribu lisilo la lazima.

Hatari hii imekwisha onekana duniani. Nchini Marekani, mwandishi J. Gordon Holt alikuwa mtumishi wa High Fidelity, gazeti la wapenzi wa vyombo vya kupigia santuri. Hakuridhika na jinsi gazeti lilivyoogopa kusema ubaya wa vyombo vya watangazaji wake, akatoka, na mwaka 1962 akaanzisha gazeti lake dogo, Stereophile, lililotegemea michango ya wasomaji. Kabla yake, mwaka 1936, kilianzishwa huko huko chama cha wanunuzi kinachotoa Consumer Reports, nacho kilijiwekea sharti la kutopokea tangazo hata moja, na kununua dukani kwa fedha zake kila kitu kinachopimwa. Chama hicho kingali hai. Stereophile, kwa upande wake, baadaye lilifungua milango kwa watangazaji, kwa kuwa michango haikutosha kwa makuzi liliyoyataka. Mifano miwili hii yaonyesha mambo mawili: kwamba njia ya msomaji yawezekana, na kwamba ni njia nyembamba ambayo hata aliyeianza kwa hasira ya haki aweza kushindwa kuifuata mpaka mwisho.

Sababu ya mtangazaji kuwa na nguvu kuliko msomaji si kwamba mtangazaji ni mbaya. Ni hesabu. Gazeti lenye wasomaji elfu moja walipao sawasawa likimpoteza mmoja aliyekasirika, limepoteza sehemu moja katika elfu, na mhariri hatakosa usingizi. Gazeti hilo hilo likiwa na watangazaji watano walipao gharama yote, likampoteza mmoja, limepoteza sehemu ya tano ya maisha yake. Msomaji mmoja hawezi kuamrisha hata akitaka. Mtangazaji mmoja huamrisha hata asipotaka. Aweza kuwa mtu mwema, asiyeandika barua ya vitisho wala kupiga simu, na hata hivyo mhariri atalipitia kila neno akimfikiria. Uhuru wa mwandishi hulindwa na wingi wa walipaji wake kuliko wema wao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa hivyo hakina mwenyewe mmoja awezaye kukimwaga.

Delta ya Rufiji iliwahi kuletewa jaribu ambalo laweza kutumiwa kupima maneno haya. Katika miaka ya mwisho ya 1990 kampuni moja ilitaka kufanya shamba kubwa mno la kufuga kamba katika delta, na mashimo yake yangechukua maelfu ya hekta. Wengine waliona ajira na fedha za kigeni. Wengine waliona mikoko ikikatwa, mazalia ya kamba na samaki wa asili yakiharibika, na mashamba ya mpunga yakipotea. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe; hata hivyo serikali ilitoa idhini mwaka 1997. Wanavijiji wengi walipinga, wakasaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT na waandishi wa chama cha JET, na mwishowe shamba lile halikufanywa.

Na ichukuliwe kuwa wakati ule palikuwa na gazeti dogo la watu wa hobi wa delta, la wahesabuo ndege na wavuao kwa furaha, lenye wasomaji Kibiti, Bungu, Nyamisati na Mbwera. Kama gazeti hilo lingekuwa likilipiwa na matangazo, ni nani angekuwa mtangazaji wake mkubwa? Bila shaka kampuni yenye fedha nyingi kuliko zote katika delta, ambayo ingetaka kupendwa na watu. Wala isingehitaji kumwomba mhariri aseme uongo. Ingetosha ukurasa wa mwisho uwe na picha nzuri ya kamba kila mwezi, na makala ya ndege yaendelee kusimulia rangi za mbawa zao pasipo kutaja matope watakayonyang'anywa. Kila neno katika gazeti hilo lingekuwa kweli, na gazeti zima lingekuwa uongo. Huu ndio ubaya ulio mgumu kuonekana katika fedha za tangazo: mara chache hununua maneno, aghalabu hununua kimya. Msomaji aweza kulikanusha neno alionalo. Kimya hana pa kukishika.

Kwa hayo yote mtu aweza kuharakisha na kuhukumu kuwa msomaji alipe, na jambo limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu njia ya msomaji nayo ina maradhi yake, na ya kwanza ni umaskini. Gharama kamili ya gazeti lenye wasomaji wachache ni kubwa. Likiuzwa kwa gharama hiyo litanunuliwa na daktari, mwenye hoteli na afisa, na litaandikwa kwa mapenzi ya hao. Kijana wa Msala mwenye macho makali kuliko darubini ya mgeni, ambaye ajua ndege gani hufika mwezi gani, hatalisoma wala hataandikwa humo. Magazeti ya manowari yaliyotajwa juu ni magazeti ya walipaji, na hayakumfikia. Basi mlango wa bei ni mlango kama milango mingine, na aufungaye hawezi kujisifu kuwa nyumba yake ni safi kwa kuwa haikuingiwa na watu.

Maradhi ya pili ni kujipendekeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msomaji alipaye hutaka kusifiwa pia. Watu wa delta wavuao kwa kokoro na nyavu za macho madogo hukomba samaki wachanga kabla hawajazaa, na hawapendi kuambiwa. Gazeti lililipiwalo na wavuvi pekee laweza kuogopa kusema kuwa nyavu hizo zaangamiza bahari ya watoto wao, kama vile gazeti lililipiwalo na muuza nyavu liogopavyo kusema kuwa zakatika. Wapenzi wa uwindaji, wa magari na wa mpira ni hivyo hivyo: kila kundi lina dhambi yake pendwa, na mhariri wa kundi aijua. Kwa hiyo asemaye kuwa fedha za msomaji ni safi kwa asili yake amekosea. Fedha za msomaji hubadilisha jaribu, haziliondoi.

Hata hivyo majaribu haya mawili hayalingani. Masilahi ya muuzaji na ukweli huweza kutengana milele, kwa kuwa muuzaji hupata faida siku ile nyavu inaponunuliwa, na ikikatika kesho faida yake haikatiki. Masilahi ya msomaji na ukweli hutengana kwa muda tu. Msomaji aliyedanganywa kwa sifa ndiye atakayerudi na mashua tupu. Aliyechukia kuambiwa habari za kokoro ndiye atakayeona, baada ya miaka michache, kuwa samaki wamepungua, na atakumbuka ni gazeti gani lililosema mapema. Kosa la gazeti la wasomaji humrudia msomaji, na kwa kumrudia humfundisha. Kosa la gazeti la watangazaji humwangukia mtu ambaye hakuwa na sauti katika kulitenda. Katika maadili, mfumo ambao mkosaji huonja tunda la kosa lake ni bora kuliko mfumo ambao tunda hilo huliwa na mwingine.

Amebaki mlezi, na katika nchi hizi hawezi kusahauliwa, kwa maana mengi yasomwayo na vijana wa shule yamelipiwa naye. Jarida la Fema, lililoanzishwa mwaka 1999, lilienezwa bila malipo katika shule za sekondari za Tanzania kwa msaada wa wafadhili, na likawafikia vijana ambao hakuna duka la magazeti lingewafikia. Hiyo ni heri iliyo wazi. Lakini gazeti la mlezi huishi kwa pumzi ya mlezi, na nia ya mlezi si lazima ijulikane kwa anayelelewa. Transition, gazeti la fikira na fasihi lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, lilikuwa likipata msaada kutoka Congress for Cultural Freedom. Mwaka 1967 ilitangaa kuwa fedha za chama hicho zilitoka katika shirika la ujasusi la Marekani. Hata kama hakuna sentensi moja iliyoandikwa kwa amri, kila sentensi iliyokwisha andikwa ilianza kutiliwa shaka. Jina jema lililojengwa kwa miaka lilichafuka kwa mlipaji ambaye wasomaji hawakumjua. Kwa hiyo mlezi ana sharti moja lisilo na badala: ajulikane kwa jina, kwa nia na kwa kiasi, tangu siku ya kwanza.

Hukumu itokanayo na hoja hizi si ya kukata kwa shoka. Msingi wa gazeti la hobi na uwe fedha ya msomaji, kwa kuwa ndiye ahukumiwaye na matokeo yake, na kwa kuwa wingi wake ndio ngao ya mhariri. Lakini msomaji asidhaniwe kuwa lazima awe mtu mmoja mwenye mkoba mmoja. Desturi ya pwani tangu zamani ni kusoma kwa jamaa: gazeti moja husomwa barazani kwa sauti, likapita mikono kumi, na mwisho likafungia karanga. Shule ya sekondari, chama cha ushirika cha wavuvi, ofisi ya kijiji, msikiti au klabu ya bao yaweza kuchanga na kununua nakala moja kwa mwaka. Bei isiyobebeka na kijana mmoja wa Msala hubebeka na vijana ishirini, na gazeti linalolipiwa na vikundi mia mbili lina walipaji mia mbili, wote wakiwa wasomaji. Hapo ndipo haki ya maskini na uhuru wa mwandishi huweza kukaa katika nyumba moja.

Juu ya msingi huo tangazo laweza kukaribishwa kama mgeni, kwa adabu za mgeni. Adabu ya kwanza ni kuwa lisichukue sehemu kubwa hata kuondoka kwake kukaliua gazeti. Adabu ya pili ni kuwa lionekane wazi kuwa ni tangazo, lisivae kanzu ya makala. Adabu ya tatu ni kuwa chombo kitakachopimwa na gazeti kinunuliwe au kiazimwe kwa msomaji, kisipokewe zawadi kutoka kwa muuzaji. Ya nne ni kuwa barua ya msomaji anayelalamikia bidhaa iliyotangazwa ichapwe kabla ya tangazo jingine la bidhaa hiyo. Mtangazaji mwema hatazikataa adabu hizi, kwa maana sifa inayotoka katika gazeti liwezalo kulaumu ina thamani. Sifa itokayo katika gazeti lisiloweza kulaumu ni kelele tu. Kwa hiyo hata mwenye duka, akipiga hesabu ya miaka badala ya hesabu ya mwezi, ana faida katika uhuru wa gazeti.

Katika zama hizi mambo yamekuwa magumu zaidi kwa jinsi yalivyoonekana kuwa mepesi. Kijana wa Kibiti ana simu, na katika simu husoma habari za hobi yake pasipo kutoa bei ya gazeti. Huona kuwa amepata bure. Lakini amenunua bando, na fedha yake imekwenda kwa kampuni ya simu, haikwenda kwa mwandishi. Mwandishi amelipwa na mtangazaji, ikiwa amelipwa. Basi msomaji wa leo hulipa na hana sauti, huku yule mwenye sauti akiwa ni muuzaji. Haijapata kutokea kwamba msomaji atoe fedha nyingi hivi kwa ajili ya kusoma, na sehemu ndogo hivi ya fedha hiyo imfikie amwandikiaye.

Deni la jambo hili basi liko kwa wote wawili. Mwandishi wa hobi ana deni la kusema kweli juu ya nyavu, ndege, mashairi na mikoko, hata pale ambapo kweli haina mnunuzi. Msomaji ana deni la kuikumbuka kweli hiyo wakati wa kulipa. Atakaye rafiki mwaminifu hawezi kumwacha rafiki huyo alishwe na mwingine kila siku, kisha ashangae siku atakapomwona ameketi upande wa yule amlishaye.